Tangazo Ambalo Halikubandikwa

Aliyesababisha kifo cha mchimbaji yule wa jirani na Rwamgasa ni mimi. Si mke wake. Baada yangu anafuata mkuu wangu wa kazi wa wakati huo, na baada yake ofisi iliyotuajiri sote wawili. Nimeanza na jambo hili kwa makusudi. Katika utumishi wangu nilisoma taarifa nyingi mno ambazo mhusika hutajwa ukurasa wa mwisho, tena kwa maneno ya kujificha: "ilionekana", "ilitokea", "kwa bahati mbaya". Haikutokea. Ilifanywa, na walioifanya walikuwa na vyeo.

Nilikuwa bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo, visima, machinjio na migahawa, na kuwafundisha watu yale ambayo serikali ilitaka wayajue kuhusu magonjwa. Katika miaka ya tisini nilipangiwa eneo la machimbo ya dhahabu, ambako watu walikuwa wakihamia na kuhama kwa kasi ambayo daftari langu la kaya halikuweza kuifuata. Malaria ilikuwa imekaa pale kama mwenyeji. Sababu yake ilionekana kwa macho. Mchimbaji hufungua shimo, ambalo wao huliita duara. Akikosa mwamba wenye dhahabu huliacha na kufungua jingine. Mvua ikinyesha, duara lililoachwa hujaa maji, na maji yale huwa kitalu cha mbu. Upande wa mashariki wa kambi kulikuwa na maduara ya zamani ya namna hiyo, yamekaa kama vikombe vilivyosahaulika mezani.

Mwaka mmoja kabla ya masika walikuja wataalamu wa utafiti. Walitaka kujua mbu wa eneo lile huruka umbali gani kutoka walikozaliwa. Njia yao ilikuwa hii: mbu hukamatwa, huwekwa katika vizimba vya chandarua, hupakwa unga wa rangi mwepesi kama poda, kisha huachiwa jioni mahali panapojulikana. Siku zinazofuata hukamatwa tena majumbani, na rangi ya mguuni husema huyu alitokea wapi. Nasisitiza, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba hawakuwa mbu wageni. Walikuwa wa pale pale. Njia yenyewe ilikuwa safi, na hadi leo sina neno la kuilaumu.

Wataalamu walikuwa na rangi tatu, na waliniachia mimi kuzipangia vituo kwa kuwa daftari lilikuwa langu. Niliipangia bluu lambo la kunyweshea ng'ombe. Nyekundu niliipangia majaruba ya mpunga. Njano niliipangia maduara ya zamani. Nilipanga hivyo ili daftari lijisome lenyewe: njano kwa machimbo ya dhahabu, asije mtu akachanganya. Niliridhika sana na mpango ule. Nakumbuka nilimwonyesha mkuu wangu akasema, "Bwana Afya, wewe ungezaliwa karani wa masijala." Nilichukulia kuwa ni sifa.

Pamoja na mpango ule niliandaa tangazo la ukurasa mmoja. Liliwaeleza wananchi kwamba mbu wenye rangi watakaoonekana wamepakwa na wataalamu, kwamba rangi haina madhara, haina thamani, na haitoki ardhini. Naapa kwamba maneno hayo, "haitoki ardhini", yalikuwamo. Sikuyaandika kwa kuona mbali. Niliyaandika kwa sababu nilipenda kueleza jambo kwa ukamilifu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinisaidia kuliweka pia katika Kisukuma, kwa kuwa wazee na akina mama wengi wa vijiji vya jirani Kiswahili kilikuwa lugha yao ya dukani na ya ofisini tu.

Nililipeleka kwa mkuu wangu. Alilisoma lote, akavua miwani.

"Limeandikwa vizuri," alisema. "Lakini ukilibandika, watafanya nini?"

"Watajua, mzee."

"Watajua, halafu watawasaka mbu wa rangi kama kumbikumbi. Watoto watawakusanya kwenye vibiriti. Wataalamu watakamata nini tena? Subiri kwanza utafiti uishe, ndipo tuwaelimishe."

Nilikuwa na hoja ya kumjibu. Nilijua mkutano wa kijiji ungetosha, na nilijua watu wale wakiombwa jambo kwa heshima hulitunza. Sikuijenga hoja hiyo. Nililirudisha tangazo jaladani na juu yake nikaandika kwa mkono wangu: "Lisitolewe hadi maelekezo mengine." Maelekezo mengine hayakuja, wala mimi sikuyaomba.

Sasa nieleze habari za watu wa nyumba ya mchimbaji yule. Mume alikuwa mfugaji aliyeacha ng'ombe wa baba yake kwa kaka zake akaja machimboni. Mtu mrefu, mpole, mwenye jicho la ajabu kwa udongo. Mke alikuwa mama lishe wa kambi. Aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alilelewa kijijini kwa bibi yake, nami jina hilo sitaliandika. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile zilizochaguliwa kwa ukamataji. Kila asubuhi tuliyopangiwa tulitandaza mashuka meupe sakafuni na kitandani, tukafunga madirisha, tukapuliza dawa ya pareto, tukangoja nje. Kisha tuliingia na kuokota mbu waliodondoka juu ya mashuka.

Mama yule alifurahishwa sana na mashuka.

"Shikamoo, Bwana Afya. Leo tena harusi?"

"Marahaba. Harusi gani?"

"Si mashuka meupe hayo! Nyumba yangu imekuwa ya bi harusi kila wiki, na bwana harusi ni mbu."

Mumewe alicheka hadi akashika ukuta. Walikuwa watu wa kutaniana mbele ya wageni bila kuona haya, jambo ambalo mimi katika nyumba yangu sikuliweza.

Kabla ya hapo, katika mkutano wa kambi, nilikuwa nimefundisha somo la mbu. Nililifundisha vizuri, na nalirudia hapa kama nilivyolitamka kwa sababu kila kitu kilichofuata kimesimama juu yake: "Mbu haji kutoka mbali. Huzaliwa majini, katika maji yaliyotuama. Ukimwona mbu ndani ya nyumba yako, toka nje utafute maji aliyozaliwa. Utayakuta karibu." Mchimbaji yule alikaa mstari wa mbele. Alisikiliza kama mtu anayepewa ramani.

Asubuhi ya kwanza baada ya mbu wa njano kuachiwa, yeye ndiye aliyemwona kabla yangu. Aliinama juu ya shuka, akachukua lenzi ndogo ambayo wachimbaji hukagulia mawe.

"Bwana Afya, huyu mbu amekanyaga nini?"

Nilisogea. Mbu alikuwa na njano miguuni na ubavuni. Kimoyomoyo nilifurahi, kituo cha tatu kilikuwa kimejibu.

"Mama, njoo uone," alimwita mkewe. "Mbu wa kitajiri. Kavaa viatu vya dhahabu."

"Basi huyo mwache," alijibu mama kutoka jikoni, "labda ndiye atakayenijengea nyumba ya bati, maana wewe umeshindwa."

Wakacheka. Kisha mume akanigeukia tena, na safari hii hakuwa akicheka. "Kweli, Bwana Afya. Hii rangi ni ya nini?"

Hapa ndipo palipotakiwa sentensi moja. Ningeweza kusema, "Tumempaka sisi." Maneno mawili. Mkuu wangu asingejua, utafiti usingeharibika, na mtu yule angecheka tena na kurudi kwenye duara lake. Badala yake niliweka sawa kola ya shati nikamjibu, "Hilo ni suala la kitaalamu. Mtaelezwa wakati wake."

"Sawa, mzee. Wabeja," alisema, yaani asante. Alinishukuru.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kutoka kwa mkewe. Mume alimficha mbu mmoja ndani ya kiberiti. Hakuwa mjinga; wanaodhani kuwa alidhani mbu amebeba dhahabu hawawajui wachimbaji. Alidondosha tone la zebaki juu ya unga ule na zebaki haikuushika. Akajua si dhahabu. Lakini wachimbaji wa kule wana elimu yao, nayo husema kwamba udongo wa njano iliyokolea huwa jirani na mwamba wenye mali. Mtu anaweza kupita maisha yake yote akiutafuta udongo wa rangi ile. Na sasa rangi ile ilikuwa miguuni mwa mbu, na bwana afya alikuwa amefundisha hadharani kwamba mbu hutoka katika maji ya karibu. Aliunganisha somo langu na rangi yangu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni ile sentensi niliyoiweka jaladani.

Tulipokwenda mara ya pili aliniuliza kwa upole, kama mtu asiyejali sana jibu: "Hawa wa njano, Bwana Afya, wanatoka upande gani? Lamboni?"

"Hapana," nilimjibu. Nilipenda kuwa sahihi. "Hawa ni wa maduara ya mashariki."

Hilo nalo sikutakiwa kulisema, kama kweli lilikuwa siri. Nilificha nusu ambayo ingemwokoa na nikatoa nusu iliyomuua.

Baada ya majuma machache ya mvua nilipita upande wa mashariki kwa pikipiki ya ofisi. Nilimkuta yeye na wenzake wawili wakiteka maji kwa ndoo kutoka katika duara la zamani lililo kubwa kuliko yote. Mkewe alikuwa amekaa pembeni na sufuria la uji, mbali kiasi na mdomo wa shimo. Nasema mbali kiasi. Nilimwona kwa macho yangu, na umbali ule nitauapia mbele ya baraza lolote.

"Mnakausha?" niliuliza.

"Tunakausha, Bwana Afya!" alijibu mume, akitabasamu kwa namna ya mtu mwenye siri njema. "Si ulisema mbu wanazaliwa humu?"

"Vizuri sana," nilisema. "Vizuri mno. Wengine waige mfano wenu."

"Umesikia?" alimwambia mkewe. "Bwana Afya ametupa baraka."

"Baraka bila kijiko?" mama aliniuliza. "Shuka unywe uji."

Sikushuka. Nilirudi ofisini nikaandika katika taarifa ya robo mwaka: "Wananchi wa kambi wameanza kukausha mazalia ya mbu kwa hiari yao wenyewe. Uelewa wa jamii umeongezeka." Sentensi hizo mbili zipo hadi leo katika jalada, juu ya sahihi yangu. Ni uongo uliotiwa sahihi na mtu aliyeamini kuwa hasemi uongo, na ndio ninaoutaka ufutwe kwanza.

Duara la zamani halina matimba. Miti ya kukingia kuta huwa imekwisha kung'olewa na kupelekwa kwingine. Kinachozizuia kuta zile ni maji yenyewe, kwa uzito wake. Ukiyatoa upesi wakati udongo umelowa, kuta hukosa pa kuegemea. Wachimbaji wanalijua hilo kuliko mimi, na mume alilijua. Lakini mtu aliyeonyeshwa rangi aliyoitafuta miaka yote, tena akapongezwa na serikali njiani, huharakisha.

Nilikuwa kituo cha afya ulipopigwa mwano, ule ukelele wa Wasukuma wa kuitana kwenye hatari. Tulipofika, wenzake wawili walikuwa wamekwisha kutoka, wametapakaa tope hadi kwenye kope. Yeye alitolewa jua likiwa utosini siku ya pili. Katika mfuko wa suruali yake kulikuwa na kiberiti. Mimi ndiye niliyekifungua. Unga wa njano ulikuwa umegandamana na karatasi ya ndani, na nilikifunga nikakirudisha mfukoni kama mtu anayerudisha barua isiyo yake.

Msibani nilisikia maneno kabla sijaketi. Katika machimbo yale palikuwa na imani kwamba mwanamke asisogelee mdomo wa duara. Akisogea, mali hukimbia na ardhi huchukia. Sasa watu walikuwa wamepata sababu yao. Mama lishe alipeleka uji. Mama lishe alikaa pale siku nzima. Mmoja wa wachimbaji alisema mbele yake, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Sisi tulimwambia marehemu, uji unywewe kambini. Sasa ona, amelishwa mchanga." Ndugu wa marehemu waliokuja kutoka kijijini walisikia, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyekanusha.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kwa kuwa watumishi walipewa viti. Nilijua jibu. Lilikuwa limechapwa kwa mashine, katika lugha mbili, na nakala yake ilikuwa katika mkoba uliokuwa magotini pangu.

Mama alinijia baada ya maziko. Alipiga goti kidogo, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nina swali moja tu. Ile rangi ya mbu ilikuwa nini?"

Watu walikuwa wakisikiliza. Hata yule aliyesema habari za uji alikuwa amesogea karibu. Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi: mkuu wangu, utafiti, watu waliokuwa na huzuni na majembe mikononi. Nikasema, "Mama, suala hilo linahitaji jibu rasmi. Nitakujibu kwa maandishi."

Alinitazama. "Sijui kusoma vizuri, Bwana Afya, lakini nitatafuta wa kunisomea. Nitangoja."

Ndani ya mwezi ule aliondoka kambini. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Watu waliacha tu kununua chakula chake. Mwisho wa mwaka nami nilihamishiwa Shinyanga mjini, kwa barua iliyonisifu. Jibu nililiandika mara nyingi. Kila mara nilikumbuka kwamba barua ya serikali hupitia kwa mkuu wa ofisi, nikaipeleka kupitia kwake, na kila mara ilirudi na neno moja pembeni: "Subiri." Ningeweza kupanda basi nikamwambia kwa mdomo. Nataka hilo liandikwe pia. Nauli nilikuwa nayo, siku za likizo nilikuwa nazo, na mdomo nilikuwa nao.

Nilimwona mara moja tu tena, muongo ule ukielekea kwisha. Nilikuwa safarini kikazi kwenye barabara ya Biharamulo, gari likasimama Buseresere. Alikuwa amepanga mafungu ya dagaa juu ya gunia. Alinitambua kabla sijajiamulia kumtambua.

"Bwana Afya! Shikamoo. Umenenepa."

"Marahaba, mama. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Barua yangu ilipotelea njiani?"

Alisema kwa utani, na wanawake wa meza za jirani walicheka bila kujua walichochekea. Nilimwambia kwamba ofisi ilikuwa ikilishughulikia suala hilo.

"Ofisi," alisema, huku akiwafukuza nzi juu ya dagaa. "Kule kwa shemeji zangu bado wanasema ni uji wangu. Mwanangu amekua, ananiuliza kama ni kweli. Namwambia ngoja, Bwana Afya ataleta barua." Kisha akanifungia fungu la dagaa kwa gazeti akakataa malipo. Dereva alipiga honi. Nilipanda.

Sasa nimestaafu, naishi Kambarage, Shinyanga, na asubuhi husikiliza redio. Siku za karibuni nimesikia wataalamu wakieleza habari za mbu waliobadilishwa vinasaba, ili mbu wazae wasiobeba malaria au wasizae kabisa. Jirani yangu, mwenye duka la vitambaa ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu yake, aliniuliza, "Mzee, wewe ulikuwa mtu wa mbu. Hii ni kweli au ni uzushi?" Nilimjibu kwamba elimu hiyo ipo, na kwamba mimi siipingi. Mtu aliyehesabu vifo vya malaria hana haki ya kupinga kwa mazoea tu. Kisha redio ikasema kwamba wananchi "wataelimishwa kwa wakati muafaka". Niliinuka nikaizima. Maneno hayo nayajua. Niliyatamka mimi, juu ya shuka jeupe, mbele ya mtu mwenye lenzi mkononi.

Kwa hiyo nimeandika, bila kupitia kwa mkuu yeyote. Nakala ya tangazo ninayo, pamoja na mwandiko wangu juu yake. Jibu la mama yule ni hili: rangi ilikuwa yetu. Tuliipaka sisi, tukamficha mumeo ukweli huo, na uji wako haukuangusha chembe ya udongo. Nitalipeleka mwenyewe Buseresere na kulisoma kwa sauti. Asipokuwapo hapo, nitaulizia hadi nimpate, na nitalisoma pia mbele ya shemeji zake na mwanawe.

Na kwa ofisi niliyoitumikia, pamoja na heshima zote, nadai yafuatayo rasmi. Jalada la utafiti ule lifunguliwe. Sentensi zangu mbili kuhusu uelewa wa jamii zifutwe na pembeni iandikwe sababu. Tangazo lililozuiwa lisomwe kambini pale katika lugha zote mbili, hata kama waliosalia ni wachache. Ofisi imwandikie mjane barua ya kukiri, yenye jina na cheo cha kila aliyeandika "subiri". Na kabla mbu yeyote hajaachiwa popote katika nchi hii, ajulikane kwanza mtumishi atakayesimama mbele ya watu na kuwajibu siku ile ile watakayouliza. Niitwe mbele ya baraza nihojiwe. Nitakuja na mkoba wangu. Nadai majibu hayo yatolewe kwa maandishi, yawe na sahihi, na yasiandikwe "hadi maelekezo mengine".